Barua ya wazi kwa wenye kanda za The City

Kwa: Wakurugenzi wenye dhamana ya kanda na hakimiliki za tamthilia za mchana Loving na The City,
Marekani.

YAH: OMBI LA KUTOLEWA HADHARANI KWA VIPINDI VYOTE VYA THE CITY (1995–1997)

Waheshimiwa Wakurugenzi,

Nawasalimu kwa heshima. Ninaandika hadharani kwa sababu nilipoandika kwa faragha sikujibiwa. Ofisi niliyoipelekea barua ile sitaitaja, maana sina nia ya kumuumbua karani aliyeipokea. Uamuzi ninaoutafuta haumo katika uwezo wake, umo katika uwezo wenu. Basi nawawekea madai yangu mbele ya wasomaji wa Kiswahili, watu wanaojua kukaa mbele ya televisheni na kumlilia mtu ambaye hawajawahi kukutana naye, na wanaoijua pia hasira ya tamthilia kukatwa kabla haijafika mwisho.

Wapo ambao hawakuiona The City, kwa hiyo nieleze kwanza ilikotoka. Juni 1983 mtandao wa televisheni wa ABC ulianzisha Loving, tamthilia ya nusu saa iliyotungwa na Agnes Nixon na Douglas Marland. Nixon alikuwa amekwisha kuwapa Wamarekani One Life to Live mwaka 1968 na All My Children mwaka 1970. Loving ilihusu Corinth, mji mdogo wa kubuni wenye chuo kikuu na ukoo wa matajiri, akina Alden. Haikuwahi kuongoza kwa idadi ya watazamaji, lakini ilidumu miaka 12, na waliokuwa nayo walikuwa nayo kwelikweli.

Mwaka 1995 ikaamuliwa ifungwe na wahusika wake wachache wahamishiwe New York. Waandishi wakuu, Barbara Esensten na James Harmon Brown, wakaleta muuaji mjini Corinth. Wa kwanza kufa alikuwa Stacey, aliyeigizwa na Lauren-Marie Taylor tangu mwaka ule wa mwanzo. Wakafuata Clay, Curtis, wazee Cabot na Isabelle, na Jeremy Hunter. Mwisho ikabainika kwamba muuaji ni Gwyneth Alden, mama mzazi wa Curtis, aliyeigizwa na Christine Tudor kwa ustadi ambao hadi leo sijauona ukirudiwa mchana. Ijumaa tarehe 10 Novemba 1995 Loving ikazimwa. Jumatatu tarehe 13, waliosalimika wakaonekana SoHo, mtaa wa Manhattan huko New York, chini ya jina jipya: The City. Tarehe 28 Machi 1997 nayo ikazimwa. Wiki 72 tu.

Madai yangu ni haya.

1. Watazamaji waliombwa wahame, wakahama, kisha wakaachwa njiani.

Miaka ile nilikuwa mgeni Marekani, nikifanya kazi ya kumtunza bibi mmoja mzee huko New Jersey. Ikifika saa sita na nusu mchana kazi zote zilisimama. Bibi yule alikuwa ameifuata Loving tangu ilipoanza. Mimi niliikuta ikielekea ukingoni, naye akanifundisha nani alimzaa nani, nani alimwacha nani, na nani asiaminiwe hata akilia. Stacey alipouawa alisukuma sahani pembeni na kuniuliza kwa uchungu kwa nini wameanza na yule, yule mpole kuliko wote. Sikuwa na jibu. Hata hivyo Novemba ilipofika alihama nao. Alizoea maghorofa na kelele za mjini, akamchukia Sydney Chase, yule tajiri wa vyombo vya habari aliyeigizwa na Morgan Fairchild, na akaanza kumhurumia Tess, aliyeigizwa na Catherine Hickland. Jane Elliot alipoingia mwaka 1996 akiwa Tracy Quartermaine, mhusika ambaye watazamaji wa General Hospital, tamthilia nyingine ya ABC, walikuwa wakimjua tangu miaka ya 1970, bibi alipiga makofi.

Watu wa namna yake walitimiza kila walichoombwa. Walikubali kuuawa kwa ukoo mzima waliouzoea ili tamthilia mpya ipate nafasi, wakakubali jina jipya, mji mpya na nyuso mpya. Walichobakiwa nacho ni kumbukumbu, na wengi wao ni marehemu sasa. Kizazi kinachofuata hakina hata pa kuthibitisha kwamba hayo yote yalitokea.

2. Historia ya Angie imekatwa katikati.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, na naomba mlisome polepole.

Debbi Morgan na Darnell Williams walikuwa Angie na Jesse wa All My Children katika miaka ya 1980, wapenzi wa kwanza weusi kupewa nafasi ya mbele kabisa katika tamthilia za mchana za Marekani. Williams alishinda tuzo ya Emmy ya vipindi vya mchana mwaka 1983 na tena mwaka 1985. Morgan akashinda mwaka 1989. Mwaka 1988 Jesse alikufa, na nchi nzima ikamlilia. Mwaka 1993 Angie akahamia Loving akiwa daktari. Muda mfupi baadaye Williams naye akaja, akiwa na sura ileile lakini mtu mwingine kabisa: Jacob Foster. Tukamtazama mjane akijifunza kumpenda mwanaume mwenye uso wa marehemu mumewe. Hadithi ya aina hiyo ni rahisi kuiharibu, kwa sababu inaweza kugeuka kiinimacho, ikawa kana kwamba Jesse amefufuliwa kwa jina jingine. Hawa wawili hawakuiharibu. Angie alimtendea haki Jacob kama Jacob, akapigana na kumbukumbu yake mbele ya macho yetu, siku baada ya siku.

Wakaja SoHo pamoja. Kijana wa Angie, Frankie, aliigizwa na Alimi Ballard. Mimi niliyekuwa mwanamke Mwafrika, mgeni, mwenye kazi ya kufua mashuka na kupima dawa, nilikuwa nikimwona mchana kweupe daktari mweusi mwenye mapenzi, mwenye mtoto, mwenye hasira, mwenye makosa. Hakuwa jirani wa kupita wala mtumishi wa kufungua mlango. Hadithi ilikuwa yake. Sijui kama waliopanga ratiba za vipindi wanaelewa jambo hilo lilifanya nini ndani ya watu kama sisi.

Mwaka 2008 Morgan na Williams walirudi All My Children wakiwa tena Angie na Jesse, na ikafunuliwa kwamba Jesse hakuwa amekufa. Watazamaji vijana waliowapenda wakati huo hadi tamthilia ile ilipoondolewa ABC Septemba 2011 wakaanza kuuliza: miaka ya katikati Angie alikuwa wapi? Alikuwa Corinth na New York, katika vipindi mlivyovifungia. Mnapotaja mchango wenu katika kuwaonyesha watu weusi kwenye televisheni, sehemu hii ya mchango huo haionekani, na walioizuia isionekane ni ninyi.

3. New York ile haipo tena.

All My Children na One Life to Live zilirekodiwa Manhattan lakini hadithi zake ziliwekwa Pine Valley na Llanview, miji ya kubuni ya Pennsylvania. Ukiacha Ryan's Hope, iliyodumu kuanzia 1975 hadi 1989, ni tamthilia chache mno za mchana za ABC zilizothubutu kusema wazi: tuko New York. The City ilithubutu. Picha zake zilishughulikiwa zifanane na filamu, kamera ikatembea na waigizaji badala ya kuwasubiri sebuleni, na mara kwa mara wakatoka nje ya studio wakaingia mitaani. SoHo ya wakati ule, yenye maghala na karakana za zamani zilizogeuzwa makazi ya wasanii, ilikuwa tayari imeanza kuliwa na maduka ya bei ghali. Wahusika walikuwa wanamitindo, wapiga picha, waandishi wa habari, daktari, watu waliobahatisha maisha katika jengo moja. Carlotta Chang aliigiza Azure, mwanamitindo ambaye ilikuja kujulikana kuwa alibadili jinsia, miaka mingi kabla tamthilia nyingine za mchana hazijathubutu kugusa jambo hilo. Kuna waliopenda na waliochukia namna lilivyoandikwa. Wote wana haki ya kulitazama upya na kulijadili.

4. Kazi ya waigizaji imefichwa.

Anayemtazama Laura Wright leo akiwa Carly wa General Hospital hana pa kumwona akiwa Ally wa Loving na The City. Lisa LoCicero, ambaye wengi wanamjua kama Olivia, alikuwa Jocelyn. Amelia Heinle, Victoria wa The Young and the Restless, alikuwa Steffi. Hata Tracy Quartermaine ana kipande cha maisha yake kilichobaki SoHo.

Sasa najua mtakayonijibu, kwa sababu majibu haya huzunguka kila mara tamthilia ya zamani inapoombwa.

Mtasema haikuwa na watazamaji. Kweli, walikuwa wachache. Lakini tazameni ilikowekwa. Sehemu kubwa ya mwaka 1995 kesi ya mauaji ya O.J. Simpson ilikuwa ikikatiza tamthilia za mchana na kuwavunja watu desturi ya kuzifuata; hukumu ilitolewa tarehe 3 Oktoba, na The City ikaanza kabla miezi miwili haijaisha. Saa sita na nusu, saa za mashariki ya Marekani, CBS ilikuwa ikionyesha The Young and the Restless, iliyokuwa imeongoza tamthilia zote za mchana tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Na vituo shirikishi vya mikoani, ambavyo kwa utaratibu wa Marekani vina hiari juu ya saa zake, vingi viliona afadhali kuweka habari za mchana au kipindi cha mazungumzo. Kuna miji ambayo mtu hakuweza kuiona hata kama alitaka. Tamthilia iliyonyimwa mlango haifai kulaumiwa kwa kukosa wageni, na kwa vyovyote vile, uchache wa watazamaji wa 1996 si sababu ya kuwanyima watazamaji wa leo.

Tena si The City peke yake iliyopata mkosi huu. Agosti 1980 NBC ilimtoa Iris wa Another World, aliyeigizwa na Beverlee McKinsey, ikampeleka Houston katika tamthilia iliyoitwa Texas. Ikawekwa saa ileile ya General Hospital, wakati ule ambapo Luke na Laura, wapenzi wa tamthilia hiyo, walikuwa wamewateka Wamarekani wote, na tarehe 31 Desemba 1982 ikafa. Mji mkubwa, mhusika wa kuazima, saa mbaya: mambo yaleyale. Tofauti ni kwamba katika miaka ya 2000 wenye Texas walikubali vipindi vyake vionekane mtandaoni kwa muda, na watu wakaiona, wakaihukumu wenyewe. Kuanguka kwake hakukuwafanya waifiche.

Mtasema kuna malipo ya waigizaji na haki za muziki. Hilo nalikubali kuwa ni gumu, na sitaki mtu yeyote adhulumiwe jasho lake; walipeni. Lakini halijawahi kuwa gumu kupita uwezo. SOAPnet, chaneli ya tamthilia iliyoanza Januari 2000, ilirudia Ryan's Hope na Port Charles. Dark Shadows, ya 1966 hadi 1971, ina vipindi zaidi ya 1,200, na imeuzwa kwa DVD karibu yote. Mwaka 2014 mtandao wa televisheni wa Retro TV ulianza kurusha The Doctors, tamthilia iliyokuwa imezimwa tangu 1982. Hizo zote zilikuwa na waigizaji na muziki. Ninyi mna wiki 72 za nusu saa.

Mtasema kanda ni nzee. Ndiyo maana naandika sasa. Kanda ya sumaku haidumu: gundi inayoushika unga wa sumaku huchoka, na mashine za kuchezea kanda za miaka ile zinazidi kuwa adimu. Katika miaka ya 1960 na 1970 tamthilia nyingi za mchana zilifutwa ili kanda itumike tena, na hasara ile haiwezi kurekebishwa na yeyote. Mwaka 1995 hakukuwa na sababu hiyo. Ikiwa The City itapotea, itapotea kwa kuachwa kabatini tu.

Mtasema vipande vipo mtandaoni, watu wavitazame huko. Vipande hivyo vipo kwa sababu watazamaji walirekodi kwa VHS nyumbani, wakatunza kaseti miaka mingi, kisha wakazihamisha kwa gharama zao. Nawashukuru kwa dhati. Lakini picha zimefifia, sauti inapanda na kushuka, kuna siku zilizorukwa, na vinaweza kuondolewa saa yoyote kwa madai ya hakimiliki, madai ambayo ni yenu. Haiwezekani mwenye mali asiitoe, kisha atuelekeze kwa watu wanaotazamiwa kufukuzwa kwa kuitoa.

Na wapo kati yenu watakaosema: sisi hatukuwepo mwaka 1997. Hamkuwepo. Kampuni ya Disney ilikamilisha kuinunua ABC mapema mwaka 1996, wakurugenzi wameingia na kutoka, na Agnes Nixon mwenyewe alifariki Septemba 2016. Kwetu pwani, mtu akifa, deni lake hulipwa kabla warithi hawajagawana mali. Anayeshika hazina ya vipindi hivi leo ameshika pia ahadi waliyopewa watu waliohamishwa kutoka Corinth.

Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo:

(a) Tangazeni wazi ni kanda zipi za The City mnazo, ziko katika hali gani, na kama kuna zilizopotea. Hili halihitaji mkataba wala idhini ya mtu. Linahitaji mtu mmoja mwenye orodha.

(b) Vipindi vyote vihamishiwe kwenye mfumo wa dijitali kutoka kanda za asili, pamoja na miezi ya mwisho ya Loving, kuanzia mauaji yalipoanza. Bila miezi hiyo The City haieleweki: mtu hatajua kwa nini watu hawa wamefika New York wakiwa wamevaa msiba.

(c) Nakala iwekwe mahali ambapo watafiti na watazamaji wanaweza kuifikia. Paley Center, hifadhi ya vipindi vya televisheni, ipo hapohapo New York. Hifadhi ya filamu na televisheni ya UCLA ipo Los Angeles. Zote mbili zinajua kazi hii.

(d) Kaeni na chama cha waigizaji, SAG-AFTRA, mkubaliane malipo ya haki, kisha mtoe vipindi kwa mpangilio wake, kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho. Visiwe vipande vya kusherehekea kumbukumbu kisha vikaondolewa.

(e) Wekeni maandishi chini ya picha kwa wasiosikia na kwa wanaojifunza Kiingereza. Mimi nilijifunza sehemu kubwa ya Kiingereza changu kwa kusikiliza Angie akizungumza na wagonjwa wake, na najua wahamiaji wengine wengi waliojifunza hivyohivyo kwa tamthilia za mchana.

(f) Mpaka hayo yatimie, waacheni waliotunza kaseti zao. Msiziondoe rekodi zao mtandaoni wakati ninyi wenyewe hamjatoa kitu cha kuziba nafasi yake.

Naomba jibu la maandishi, lililotiwa saini na mtu mwenye mamlaka juu ya kanda hizo, nalo liwekwe hadharani kama nilivyoiweka barua hii. Mkisema hapana, semeni sababu, na mseme ni kipengele kipi kati ya hivi sita mnachokikataa.

Wenu kwa heshima,

Mtazamaji wa The City,
New Jersey